Kudai fidia ya bima ya gari pale ajali inapokuwa si ya kawaida

Gari limeegeshwa, injini imezimwa, na usiku linashika moto na kuunguza nyumba. Lori linapita, ubao unachomoka kwenye mzigo na kumwangusha mwendesha pikipiki aliye nyuma. Abiria anafungua mlango bila kutazama na kumpiga nao mwendesha baiskeli. Madai ya namna hii hayafanani na ya gari kugonga gari, na jibu la kwanza kutoka kampuni ya bima mara nyingi huwa la kukataa. Ukisoma barua za kukataa utaona sababu inayojirudia: mdai ameeleza vizuri hasara aliyoipata, ila hakueleza hasara hiyo ilitokaje kwenye gari. Kujenga kiungo hicho ndiyo kazi kubwa ya mdai, na inaanza saa ileile ya tukio.

Mwongozo huu ni wa mtu wa tatu, yaani aliyeumia au kuharibiwa mali na gari la mtu mwingine.

Unamdai nani

Anayewajibika ni dereva, mwenye gari, au wote wawili. Kampuni ya bima inasimama nyuma yao. Katika nchi za Umoja wa Ulaya mtu wa tatu anaweza kuidai kampuni moja kwa moja. Kwingine unamshtaki dereva au mwenye gari kwanza, ukishinda kampuni inalipa hukumu. Njia hii ya pili ina mtego unaoumiza watu wengi: sheria inaweza kuibana kampuni kulipa iwapo tu ilipewa taarifa ya kesi mapema. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1988, kwa mfano, inataka taarifa hiyo itolewe kabla ya kesi kufunguliwa au ndani ya siku 7 baada ya hapo. Asiyetoa taarifa anaweza kushinda kesi na kubaki na hukumu dhidi ya dereva asiye na chochote. Tafuta idadi ya siku inayotajwa na sheria ya nchi yako, tuma taarifa kwa maandishi, na tunza ushahidi kwamba imepokelewa.

Kwa malori andika namba mbili: ya kichwa na ya trela. Vinaweza kuwa na wenye tofauti na bima tofauti. Ukidai kwa kampuni moja tu utaambiwa kosa lilikuwa la upande mwingine, na miezi itapita huku unatupwa huku na kule. Peleka dai kwa zote mbili siku moja.

Swali gumu: je, yalikuwa matumizi ya gari?

Bima ya lazima hulipa madhara yanayotokana na matumizi ya gari. Maneno haya, "matumizi ya gari", yanabeba ugomvi wote, na njia nzuri ya kuyaelewa ni kutazama mahakama zimeyasomaje. Hukumu za nchi nyingine hazimfungi hakimu wa kwenu, lakini namna zilivyochambua mambo itakusaidia kupanga hoja zako.

Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi kutoka Slovenia. Trekta lilikuwa likirudi nyuma ili kuingiza trela ghalani, trela likagonga ngazi na mtu akaanguka. Kampuni ilisema lile halikuwa tukio la barabarani. Mahakama ikasema matumizi ya gari yanahusu kila matumizi yanayoendana na kazi ya kawaida ya chombo hicho, hata nje ya barabara ya umma.

Mwaka 2017, katika kesi ya Ureno, mahakama hiyohiyo ilionyesha mpaka. Trekta lilikuwa limesimama shambani, injini ikiwaka ili kuendesha pampu ya kunyunyizia dawa ya magugu. Ardhi ikaporomoka, trekta likabingirika na kumuua mfanyakazi. Pale trekta lilitumika kama mtambo wa kusukuma dawa, si chombo cha usafiri. Dai halikuingia kwenye bima ya lazima ya magari.

Mwaka 2018, kesi ya Latvia: abiria wa gari lililoegeshwa alifungua mlango ukakwaruza gari la pembeni. Mahakama ilikubali kwamba kufungua mlango ili mtu ashuke ni sehemu ya matumizi ya gari. Na mwaka 2019, kesi ya Hispania: gari ambalo halikuwa limetembea kwa zaidi ya saa 24 liliwaka moto katika gereji ya nyumba, chanzo kikiwa mfumo wake wa umeme. Mahakama ikasema kuegesha ni hatua ya kawaida ya matumizi ya gari, na moto ulitoka kwenye mfumo unaolifanya gari lifanye kazi yake.

Linganisha hiyo ya mwisho na uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Uingereza wa mwaka huohuo. Fundi alikuwa akichomelea chini ya gari lake kwenye eneo la mwajiri wake, cheche zikawasha vitu vilivyokuwa ndani ya gari, moto ukasambaa na hasara ikazidi pauni milioni 2. Mahakama ilisema chanzo kilikuwa uzembe katika ukarabati, na bima ya gari haikuwajibika.

Magari mawili yamewaka moto yakiwa yamesimama: moja limelipiwa, lingine hapana. Tofauti iko kwenye chanzo. Kwa hiyo usiishie kuandika "gari liliwaka moto". Andika moto ulianzia sehemu gani ya gari, lini gari liliendeshwa mara ya mwisho, na kwamba hakuna kazi ya ufundi iliyokuwa ikiendelea. Na kama mtambo kama tipa, winchi au pampu ulikuwa ukifanya kazi, usilazimishe dai liwe la bima ya gari peke yake. Uliza kama mwenye mtambo ana bima ya dhima kwa umma, ile inayokatiwa biashara, na wasilisha madai kwa kampuni zote mbili kwa wakati mmoja. Kampuni moja ikisema ni kazi ya nyingine, utakuwa na barua yake mkononi ya kuionyesha hiyo nyingine.

Ushahidi, kwa aina ya tukio

Kanuni ya picha ni moja kwa matukio yote: piga ukiwa umbali wa mita 20 ili mazingira yaonekane, kisha mita 5, kisha karibu sana huku rula au kitu chenye ukubwa unaojulikana kikiwa pembeni. Usizikate wala kuzipendezesha. Hifadhi faili za asili kwenye simu na nakala mahali pengine, kwa sababu faili ya asili ina saa na tarehe ambayo picha iliyopitia programu za ujumbe huipoteza.

*Kitu kilichoruka au kudondoka.* Jiwe lililorushwa na tairi kutoka barabarani na kokoto iliyomwagika kutoka kwenye mzigo usiofunikwa ni madai mawili tofauti kabisa. La kwanza hushindwa mara nyingi, kwa kuwa dereva hakufanya uzembe wowote kwa kupita tu juu ya jiwe. La pili lina kosa la wazi: mzigo haukufungwa wala kufunikwa. Kwa hiyo tafuta picha ya mzigo wenyewe kabla lori halijaondoka: turubai, kamba, bodi ya nyuma. Kiokote kitu kilichodondoka ikiwa ni salama kukifikia, kipime, kiweke kwenye mfuko, uandike tarehe, na usikikabidhi kwa mtu bila kusainiana. Gurudumu au nati ikichomoka, alama kwenye mashimo ya rimu husaidia: mashimo yaliyotanuka na kuwa ya mviringo mrefu yanaonyesha nati zilikuwa zimelegea kwa muda, na hilo linamrudisha mwenye gari kwenye swali la matengenezo.

*Ajali bila kugusana.* Gari limekukata mbele, umekwepa, umeingia mtaroni, lenyewe limeendelea na safari. Kugusana si sharti la kuwepo kwa uzembe. Tatizo ni kuthibitisha kwamba gari hilo lilikuwepo. Kama dereva hajulikani, bima au mfuko wa kulipia madhara ya magari yasiyojulikana unaweza kudai kugusana au shahidi huru, na mke wako aliyekaa kiti cha pembeni anaweza asihesabiwe kuwa huru. Chukua namba za simu za watu wawili waliokuwa nje ya gari lako kabla hawajatawanyika. Pima alama za breki kutoka zinapoanzia hadi zinapoishia. Kamera za usalama za maduka na vituo vya mafuta hujifuta zenyewe, nyingine ndani ya siku chache, hivyo omba picha hizo siku hiyohiyo na uandike ombi lako kwa barua hata kama mwenye duka amekubali kwa mdomo.

*Oili au dizeli iliyomwagika.* Hapa mnyororo ni mrefu: ni lazima kuunganisha utelezi na gari fulani. Fuata njia ya mafuta kuelekea yalikotoka, ukipiga picha kila baada ya mita 20 au 30. Chukua sampuli kwenye chupa safi ya kioo yenye mfuniko, si ya plastiki iliyowahi kuwa na kitu kingine. Mvua ikinyesha kabla hujafanya hivyo, ushahidi umekwisha.

*Gari lililobingirika bila dereva.* Kabla halijasogezwa, piga picha ya breki ya mkono, ya gia, na ya matairi ya mbele yameelekezwa wapi. Uliza gari liliegeshwa saa ngapi na lilianza kutembea saa ngapi. Muda huu una maana kubwa. Breki za diski zikiwa moto hutanuka. Zinapopoa husinyaa na nguvu ya kubana inapungua, hivyo gari lililofungwa breki kidogo tu baada ya mwendo mrefu linaweza kuanza kuteleza dakika nyingi baadaye. Dereva atasema kwa uaminifu kwamba alivuta breki. Swali ni kama aliivuta vya kutosha kwa mteremko ule na kama aliacha gia imeingia.

*Moto.* Mabaki ya gari ndiyo ushahidi wako mkuu, na hayako mikononi mwako. Kampuni inaweza kuyauza kama chuma chakavu muda mfupi baada ya kumlipa mteja wake. Siku ya kwanza au ya pili tuma barua fupi kwa mwenye gari na kampuni yake: mnatakiwa kuhifadhi mabaki ya gari namba hii bila kuyabadilisha hadi mtaalamu wangu ayakague. Wakiyauza baada ya barua hiyo, mahakama ina sababu ya kutilia shaka utetezi wao. Wakiyauza kabla ya barua, ni vigumu kulalamika.

*Gari lililoingia ukutani.* Mkadiria hasara huhesabu matofali yaliyoanguka. Nyufa zinazojitokeza baadaye huziita za zamani. Weka alama ya penseli kwenye ncha ya kila ufa, andika tarehe pembeni, pima upana kwa milimita, na urudie baada ya wiki 2 na wiki 4. Ufa unaokua una tarehe ya kuzaliwa. Usikubali malipo ya mwisho kabla mhandisi hajatazama msingi na boriti.

Hasara ambazo hazishikiki kwa mkono

Gari linagonga nguzo ya umeme na biashara yako inazimika kwa siku mbili, ingawa hakuna kitu chako kilichoguswa. Mahakama nyingi hukataa hasara ya kipato isiyotokana na uharibifu wa mali ya mdai mwenyewe. Kesi inayotajwa zaidi ni ya Uingereza ya mwaka 1972, iliyohusu mtambo wa kuchimba uliokata waya, usio mali ya kiwanda, uliokuwa ukipeleka umeme kwenye kiwanda cha chuma. Kiwanda kililipwa pauni 368 kwa chuma kilichoharibika tanuruni na pauni 400 za faida ya chuma hichohicho, lakini pauni 1,767 za faida ya kazi nyingine nne zilizoshindwa kufanyika zilikataliwa. Fundisho la vitendo ni kugawa dai lako: weka juu bidhaa zilizooza na mashine zilizoungua pamoja na faida iliyotegemea vitu hivyo, kisha hasara ya jumla ya biashara katika kifungu chake peke yake. Ukizichanganya, kifungu dhaifu kinazamisha chenye nguvu. Kipato kithibitishwe kwa hesabu za miezi 12 iliyopita pamoja na mwezi uleule wa mwaka uliotangulia.

Mshtuko wa akili wa mtu ambaye hakuguswa na ajali unaweza kulipwa, kwa masharti makali. Mwaka 1982 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilimkubalia mama aliyefika hospitali kama saa 2 baada ya ajali na kuwakuta mumewe na watoto wake katika hali mbaya, mmoja akiwa ameshafariki. Kinachotakiwa ni ugonjwa uliotambuliwa na daktari wa akili, uhusiano wa karibu na aliyeumia, na kuliona tukio au matokeo yake ya papo hapo. Huzuni peke yake, hata iwe nzito kiasi gani, haitoshi. Kwa hiyo mtu asiyelala kwa wiki kadhaa baada ya kuona ajali amwone daktari mapema, kwanza kwa ajili ya afya yake, na pia kwa sababu cheti kilichoandikwa mwaka mmoja baadaye hakina uzito uleule.

Barua ya dai

Ukurasa mmoja na nusu unatosha, ushahidi uambatanishwe ukiwa na namba. Kiini kiwe aya moja inayoweza kusomwa na mtu asiyejua lolote kuhusu tukio, kwa mfano:

"Tarehe 3, saa 11:40 jioni, trela lililokuwa likivutwa na gari lenye bima yenu lilidondosha ubao wenye urefu wa sentimeta 140. Mzigo haukuwa umefungwa upande wa nyuma (picha 3 na 4). Ubao uliangukia mita chache mbele ya pikipiki ya mdai, akafunga breki, akaanguka na kuvunjika paja la kushoto (cheti, kiambatisho 6). Madhara haya yametokana na gari hilo kusafirisha mzigo usiofungwa."

Sentensi ya mwisho ndiyo kiungo. Bila hiyo afisa madai atatafuta kiungo mwenyewe, na hana sababu ya kukitafuta kwa bidii.

Usikadirie mwendo kasi kama hukuupima. Usiandike "nadhani". Kiasi cha fedha kiandikwe "hadi tarehe hii", pamoja na sentensi kwamba matibabu au matengenezo bado yanaendelea. Ukitaja jumla ya mwisho mapema, kila ongezeko litaonekana kama tamaa. Weka siku ya kujibiwa.

Wakikataa

Omba kifungu cha mkataba wanachokitegemea, neno kwa neno, kwa maandishi. Majibu ya simu hayana faida kwako.

Wakisema "hitilafu ilikuwa ya kificho", yaani breki au tairi lilishindwa ghafla, waulize kumbukumbu za matengenezo. Katika kesi ya lori iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1969, bomba la breki lilikuwa limeliwa na kutu mahali pasipoonekana bila kulifungua. Wenye lori walishindwa bado, kwa kuwa hawakueleza historia ya lori ile na kwamba walichukua uangalifu wote unaofaa. Utetezi huu unamdai anayeutoa uthibitisho.

Wakisema "ulikuwa na maradhi hayo tangu zamani", sheria za nchi nyingi zinamtaka mkosaji amchukue aliyeumia kama alivyomkuta. Mgongo uliokuwa dhaifu ukivunjika kwa pigo dogo, pigo lile linabaki kuwa chanzo. Leta rekodi za hospitali za kabla ya ajali badala ya kuzificha, kwa maana ndizo zinazoonyesha ulikuwa ukifanya kazi kama kawaida.

Wakisema mteja wao alivunja masharti, labda hakuwa na leseni halali, soma sheria ya bima ya lazima. Katika nchi nyingi makosa kama hayo ni ugomvi wa kampuni na mteja wake: kampuni inamlipa mtu wa tatu, kisha inamgeukia mteja kudai fedha zake. Lakini kuna mipaka ambayo haiondoki kirahisi. Mzigo uliokuwa ndani ya gari lenyewe, na mali iliyokuwa mikononi mwa mwenye bima, kwa kawaida haviguswi na bima ya mtu wa tatu. Mwenye mzigo atafute bima ya mzigo.

Wakisema nawe ulichangia, jibu kwa asilimia. Kama hasara ni 800,000 na wanakutwika asilimia 40, wanapendekeza kulipa 480,000. Uliza asilimia hiyo imetokana na kitendo gani hasa, na kama kitendo hicho kilisababisha ajali au kiliongeza tu ukubwa wa jeraha. Kutovaa kofia ya pikipiki hakuhusiani kabisa na paja lililovunjika.

Kabla ya kusaini

Hati ya kuachilia madai husema unapokea kiasi fulani kumaliza madai yote, yanayojulikana na yasiyojulikana. Ukisaini kwa ajili ya pikipiki, umefunga na mlango wa mguu. Omba hati mbili, ya mali na ya mwili, au futa maneno ya jumla na uandike "kwa matengenezo ya pikipiki tu", pande zote mbili zisaini pembeni ya mabadiliko hayo. Wakikataa mabadiliko, usichukue hundi kwa haraka. Kuipokea na kuiweka benki kunaweza kuhesabiwa kuwa umekubali.

Jambo la mwisho ni kalenda. Ukomo wa muda wa kufungua kesi hausimami kwa kawaida kwa sababu mnaandikiana barua, wala kwa sababu umepeleka malalamiko kwa mdhibiti wa bima. Mazungumzo mazuri ya miaka miwili yanaweza kukatika wiki moja baada ya ukomo kupita, na hapo kampuni haina tena sababu ya kulipa. Andika tarehe ya ukomo kwenye jalada lako siku ya kwanza. Ikibaki miezi 6 bila makubaliano yaliyosainiwa, mpelekee wakili jalada lote, huku ukiendelea kuzungumza na kampuni.